Nyumba Njema Si Mlango: Iringa, Mbeya na Hukumu ya Stendi

Msafiri akiulizwa ni mji gani anaupenda katika Nyanda za Juu Kusini, mara nyingi hutaja Iringa. Akiulizwa ni upi hana hamu nao, hutaja Mbeya. Nimeisikia hukumu hiyo kwa watumishi waliohamishwa, kwa wafanyabiashara wa mchele na kwa wanafunzi wa vyuo, na sababu zao hufanana. Iringa imetulia na ina hewa nzuri. Mbeya ni foleni, vumbi na malori. Ukiwachimba kidogo utakuta wengi wanazungumzia stendi na barabara kuu. Mengine hawakuyaona. Kwa watu wa namna hii wahenga walikwisha kusema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Aghalabu methali hii huelekezwa kwa watu. Huipata shangazi anayemkataa mkwe kwa sababu ya viatu vyake, au tajiri anayemrudisha kijana mlangoni kabla hajamwuliza anajua kazi gani. Maana yake ya juujuu haina ugumu: sura ya nje si kipimo. Lakini kama ingekuwa imeishia hapo, tungetosheka na "vyote ving'aavyo si dhahabu". Hiyo ya dhahabu hutazama upande mmoja tu, humwonya aliyevutiwa. Ya mlango haina upande. Mlango wa nakshi na misumari ya shaba kule Mji Mkongwe, na mlango wa bati lililotoboka, yote miwili haijakwambia kitu juu ya sebule. Anayesifu na anayeponda wanasutwa pamoja.

Nusu ya pili, ambayo watu huimeza, ndiyo yenye uzito. Fungua uingie. Hiyo ni amri, na anayeamriwa ni mgeni. Methali haidai kwamba nyumba yenye mlango mbovu ni njema. Inadai kwamba hujui bado, na kwamba kutojua huko ni deni lako. Hapo ndipo inapoacha kuwa nasaha ya adabu ikawa fikra juu ya maarifa: kuona si kujua, na kujua kuna gharama ya miguu na muda.

Sasa tuitazame milango yenyewe. Basi la kutoka Dar es Salaam likimaliza kona za Kitonga hupita Ilula penye nyanya, kisha hukushusha stendi ya Igumbilo, chini ya mji. Iringa yenyewe imekaa juu ya mwinuko, takriban mita 1,550 kutoka usawa wa bahari. Barabara ya Zambia hupita bondeni, Ipogolo, karibu na Mto Ruaha Mdogo, wala haiukati mji. Malori yanapiga honi huko chini. Ukiwa Gangilonga, mtaa wa huko juu mjini, huna habari nayo. Kwa hiyo utulivu ambao msafiri anausifu kana kwamba ni tabia ya wakazi, sehemu yake kubwa ni kazi ya mlima.

Mbeya haikupata bahati hiyo. Barabara ileile huingia Uyole ikapita Mafiati, Mwanjelwa na Iyunga hadi Mbalizi, katikati ya tumbo la jiji. Na historia yake ndivyo ilivyotaka. Mji ulichipuka miaka ya 1920, wakati dhahabu ya Lupa kule Chunya ilipowavuta watu. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ikabanwa mafuta, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya udongo iliyopita humuhumu. Lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Leo magari ya IT, yaani yanayopita nchini tu, yakielekea Zambia na Kongo, hayakatiki usiku na mchana. Mbeya ni mlango wa nyumba za watu wengine, na sisi tunaulaumu kwa kuwa na kelele za mlangoni.

Anayetaka kuingia ndani na aanzie sokoni Mwanjelwa, kwenye mchele. Muuzaji hakuanzii na bei. Anachota punje chache, anakutilia kiganjani: "Kaka, nusa kwanza, halafu tafuna." Punje iliyokauka vizuri hulia kwenye jino, yenye unyevu hulainika, na mchele wa hivyo utaota ukungu gunia lisipofunguliwa mapema. Mweupe wa kupendeza unaweza kushindwa mtihani huo, na wa Kyela wenye rangi ya kawaida tu ukaujaza mtaa harufu ukiwa jikoni. Kule Uyole kwenye viazi mambo ni makali zaidi. Gunia la lumbesa huvimba juu kama lina mimba, na mdomoni hupangwa viazi vikubwa vinavyofanana. Mnunuzi mzoefu hasemi neno, hulimwaga chini. Watu wanaoishi kwa biashara hii hawahitaji kufundishwa methali yetu, wanaifanyia kazi tangu alfajiri.

Mbeya ya ndani ina ukimya wake pia. Iache barabara kuu upande mjini, hadi mitaa ya Forest na Uzunguni, Mlima Loleza ukiwa mbele ya macho, na honi zinafifia. Toka nje ya jiji kwa barabara ya Tukuyu, upande safu ya Uporoto hadi Ziwa Ngozi. Msitu unakufunika njia nzima, huoni maji hata kidogo, mpaka unaposimama kwenye ukingo wa kreta na ziwa lote liko chini yako. Aliyekata tamaa katikati ya msitu atakwambia kwa uhakika kabisa kwamba kule hakuna kitu.

Na Iringa? Anayeipenda kwa sababu ya upole wake naye amesimama kizingitini. Jina lake linatokana na neno la Kihehe la ngome. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, majeshi ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yalikiangamiza kikosi cha Wajerumani, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakauvunja ukuta wa Kalenga, ngome yake. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi alipojiua Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Fuvu lilirudishwa mwaka 1954, na sasa limo katika makumbusho ya Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini. Mji tunaouita mtulivu ulianzishwa na Wajerumani hao baada ya Kalenga kuanguka. Sisemi hivyo kuuharibia sifa. Upepo wa jioni pale Gangilonga naupenda kama mtu mwingine yeyote.

Kalenga inaongeza jambo ambalo wafafanuzi wa methali hii hulipita haraka. Hakuna mgeni aliyeingia ndani zaidi ya nyumba ya Wahehe kuliko askari wale. Walifika hadi kuchukua kichwa cha mwenye nyumba. Je, waliijua? Waliandika ripoti, wakachora ramani, wakahesabu bunduki. Lakini mwenyeji hakuwafungulia, na nyumba iliyovunjwa huonesha vifusi vyake. Kuingia kunakosemwa na wahenga kuna hodi ndani yake. Hata leo kuna msafiri anayefika Kalenga, anapiga picha ya fuvu kabla hajamsalimu mhifadhi, anaondoka. "Kamwene" moja, salamu ya Wahehe, ingemfikisha mbali zaidi ya kamera yake.

Kuna atakayenipinga kwa methali nyingine: dalili ya mvua ni mawingu. Ana hoja. Stendi yenye choo kisichoingilika, ambapo wapiga debe wanne wanagombania begi lako na kila mmoja anakuita mjomba, inasema jambo la kweli kuhusu wanaoisimamia. Mlango nao ni sehemu ya nyumba. Methali yetu humwajibisha mgeni, haimsamehe mwenyeji aliyeacha bawaba zioze, na wakubwa wa miji wasijifiche nyuma yake. Ila wingu hutabiri mvua kwa kuwa mvua hutoka humo humo winguni. Choo cha stendi hakitabiri ukarimu wa mama wa mtaa wa Ghana au Isanga, hapo hapo Mbeya, atakayekukaribisha chai ya maziwa kwa sababu tu umemwuliza njia. Kila dalili ina mipaka ya kile inachokiashiria.

Kwa hesabu yangu, Iringa humlipa mgeni siku ileile anayofika. Mbeya hukopa, ikalipa baadaye na riba. Mwenye siku moja aende Iringa, sitamlaumu, ila asirudi akatoa hukumu juu ya Mbeya aliyoiona dirishani.

Makambako, tunakopita kati ya miji hiyo miwili, siiweki kwenye orodha yoyote. Ni njia panda ya Njombe na Songea, upepo wake hukata masikio, na wengi wetu tumekaa pale kwa muda wa kumaliza sahani ya chipsi tu. Wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya basi na mahindi ya kuchemsha nao hawatujui: sisi kwao ni mikono inayotoka dirishani, mingine ikidai chenji, mingine ikipokea hindi na basi likiondoka kabla ya malipo. Wao pia wana miji wanayoipenda na wasiyoipenda kutokana na abiria wake, na nadhani Dar es Salaam haimo kwenye orodha nzuri.