KUFURAHIA MAJIRA: NI SHUKRANI AU NI UPUUZI?

Ndugu msomaji, yasikilize mazungumzo ya barazani petu mwaka mzima. Kaskazi ikivuma, Januari na Februari, watu husema, "Joto hili balaa." Ikija masika, Aprili na Mei, husema, "Mvua hii balaa, njia zote matope." Kusi ikishika, Juni mpaka Agosti, husema bahari imechafuka na samaki ni ghali. Na zikija vuli, husema mvua haikutosha. Miezi kumi na miwili yapita, na mtu huyu hakupata siku moja ya kuridhika. Kisha huingia msikitini akasema "Alhamdulillahi". Je, amshukuru Mola wake kwa kitu gani?

Basi suala letu ni hili: kuufurahia upepo, mvua, bahari na matunda ya kila majira, ni jambo la mtu mwenye dini, au ni upuuzi wa asiye na kazi?

Wako katika ndugu zetu wanaosema kuwa dunia ni njia tu, na mwenye kuitazama sana huingia katika ghafla. Sitawacheka, kwani nami nilikuwa mmoja wao. Nilipomaliza masomo nikarudi nyumbani, nilimkuta ami yangu, mzee mvuvi, kila siku baada ya Alasiri amekaa barazani ameelekea bahari, hana kitabu wala tasbihi. Siku moja nikamwambia, "Ami, wakati huu lau ungeutia katika dhikri ingekuwa bora." Hakukasirika. Akaniuliza, "Mwanangu, leo upepo watoka wapi?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimetoka sokoni kwa miguu, upepo ukinipiga usoni njia nzima, wala sikujua watoka wapi. Akasema, "Basi neema usiyoijua utaishukuru vipi?"

Jawabu sikuwa nalo, ingawa nilikuwa nimelisoma. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza kuwa shukrani ina mambo matatu: ilimu, yaani kuijua neema na mwenye kuitoa, hali, nayo ni furaha ya moyo, na amali. Mimi nilikuwa nataka amali ya ulimi, hali mawili ya kwanza nimeyapita mbio.

Ama ilimu, wazee wetu wa Mwambao walikuwa nayo. Walihesabu siku za mwaka wa jua tangu Nairuzi, wakazigawanya kwa miongo, kila mwongo siku kumi, wakajua lini bahari hufunga na lini hufunguka, lini mkulima atie mbegu. Hiyo ni hesabu yenye manufaa, wala si itikadi ya kuziogopa siku na kutaka radhi za mizimu. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba, kusi ikayarejesha. Biashara, lugha yetu na dini yetu zilisafiri kwa pepo hizi. Na Kurani yenyewe, katika Suratu Quraysh, imezitaja safari za kipupwe na za kiangazi kuwa ni neema iliyowapasa watu wale kumuabudu Mola wao. Leo kijana wetu yuajua bei ya simu mpya, lakini mwulize kusi huanza lini, atakutazama tu.

Ama furaha, Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kuutukana upepo, na imepokewa kuwa mvua iliponyesha aliifunua nguo yake ikampata mwilini. Alipenda pia manukato. Basi ni nani aliyetwambia kuwa uchamungu ni kuiziba pua asumini inaponukia, au kula embe la Desemba kama mtu alaye dawa? Zuhudi ni moyo usiofungwa na kitu. Si moyo uliokufa.

Tazama pia mwezi wa Ramadhani. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hivyo Ramadhani huzunguka majira yote katika miaka kama 33. Mwaka 1993 ilianza Februari, katika joto la kaskazi, nami ni mtoto nikihesabu saa za kufuturu. Mwaka 2011 ilianza Agosti, kusi ikitupoza. Mwaka 2026 imerejea Februari. Mwenye umri wa makamo huwa amefunga katika kila upepo. Lau ibada yetu ingefungwa na majira mamoja, watu wa nchi moja wangepata daima wepesi, na wa nchi nyingine daima uzito. Katika mzunguko huu kila mmoja hupewa fungu lake la raha na la taabu. Basi mwenye kuyachukia majira nusu, ameichukia nusu ya umri wake.

Yamebaki ya tatu, nayo ni amali, na hapa ndipo wengi tunapoteleza. Usiku wa masika waisikia mvua juu ya bati, usingizi ukawa mtamu, ukasema, "Neema hii!" Na ni kweli. Lakini nyumba ya tatu kutoka kwako mama awaamsha wanawe asogeze mkeka, kwani makuti yameoza. Furaha iliyokoma dirishani mwako ni starehe. Bado haijawa shukrani. Vivyo hivyo yule anayekwenda pwani jioni kupunga hewa, kisha akaacha takataka zake mchangani.

Ami yangu alipofariki, mjane mmoja wa mtaani alikuja kutupa pole. Akatwambia kuwa kila mwezi wa Machi, kabla ya mvua, mzee yule alikuwa akimpelekea makuti mapya na mtu wa kuyaezeka. Hatukuwa na habari. Kumbe yale makao yake ya barazani hayakuwa ya bure: akiutazama upepo akajua mvua i karibu, na akijua mvua i karibu akakumbuka ni nyumba ya nani itakayovuja.

Basi ndugu zangu, tokeni baada ya Alfajiri muione bahari. Fungueni madirisha. Jueni upepo watoka wapi, mfurahi nao, na msiutukane. Na Machi ikifika, kila mmoja aitazame paa la jirani yake kabla ya lake. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kushukuru. Amin.