Kufundisha Bure: Ni Sadaka au ni Deni?

Jioni moja mwalimu mwenzangu alinikuta nikifunga mlango wa darasa, mikono yangu imejaa vumbi la chaki, akaniuliza, "Mwalimu, watoto wa shule umewafundisha tangu asubuhi, na kwa kazi hiyo walipwa mshahara. Na hawa wazee wa jioni, na hawa vijana waliokosa shule, kwa hao walipwa nini?" Nikamjibu upesi, "Silipwi kitu. Nawapa sadaka ya nguvu zangu." Jibu lile lilinipendeza sana siku ile. Leo linanitia haya, nami nataka kueleza sababu yake.

Wazee wetu walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mithali hii ni ya kweli, maana walimu wengi wa kujitolea ni watu wasio na kitu. Lakini moyo nao una maradhi yake. Mtu aweza kutoa kwa kuwa ampenda mwenzake, na aweza kutoa kwa kuwa apenda kuonekana akitoa. Kwa macho hawatofautiani. Wote wawili wameshika chaki, wote wawili wamesimama mbele ya ubao. Basi twawatambuaje?

Kwanza niondoe kizuizi kimoja. Wako wasemao kwamba kumfundisha mtu mzima ni kupoteza mafuta ya taa, maana samaki mkunje angali mbichi. Hao hawakumbuki mambo ya nchi yetu wenyewe. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wazima walio wengi hawakujua kusoma. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi kwamba watu wazima ndio wafundishwe kwanza, kwa kuwa matunda ya elimu ya watoto hayataonekana ila baada ya miaka mingi. Mwaka 1970 ukaitwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, zikachaguliwa wilaya 6, na Masasi yetu ikiwamo, ili watu wote wajue kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Watu wakasoma chini ya miembe, penye maghala, na katika makanisa na misikiti. Walimu wao wengi hawakuwa walimu kwa kazi. Walikuwa vijana waliomaliza shule ya msingi, makarani, mabwana shamba, na wake kwa waume waliojua kidogo na kukubali kugawa hicho kidogo kwa bahashishi ndogo tu. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki kama 39 katika kila watu wazima 100, na mwaka 1986 walihesabiwa kuwa hawafiki 10. Samaki aliyekauka alikunjika, wala hakuvunjika.

Lakini habari hiyo ina upande wa pili. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa wajuao kusoma na kuandika ni kama 78 tu katika watu wazima 100. Naam, namna ya kuhesabu haikuwa moja. Hata hivyo kila aishiye kijijini ajua kwamba wengi waliojua zamani wamesahau. Shida ziliikumba nchi baada ya vita vya 1978 na 1979, karatasi na vitabu vikaadimika, madarasa yakafungwa. Mtu aliyefundishwa kusoma kisha asipate kitu cha kusoma ni kama mtu aliyepewa jembe akanyimwa shamba. Jembe litaliwa na kutu.

Katika hao waliosahau alikuwamo bibi mmoja aliyekuja darasani kwangu. Alipokuwa msichana alisoma katika madarasa yale ya mwaka 1971, akaweza kuandika jina lake. Miaka ikapita, nalo likamtoka mkononi. Alikuwa na shamba la mikorosho, na ninyi mwajua kwamba tangu mwaka 2007 korosho zetu huuzwa kwa stakabadhi za ghalani. Kila msimu alitia dole gumba katika karatasi ya chama cha msingi, asijue kilo zilizoandikwa wala makato yaliyokatwa. Haja yake ilikuwa moja: aisome stakabadhi yake kwa macho yake mwenyewe.

Akaendelea vizuri. Kisha tukapata wageni waliotaka kuliona darasa letu. Nami, kwa kutaka waione kazi yangu, nikamwita bibi yule mbele, nikaandika ubaoni sentensi ndefu, nikamwambia asome. Alisoma neno la kwanza, na la pili. La tatu likamkwama. Wageni wakatabasamu kwa upole, lakini vijana wa nyuma wakacheka. Badala ya kumwokoa nikasema, "Jaribu tena, Bibi, hili tulikwisha kulisoma." Akajaribu, sauti ikapotea. Akarudi kuketi, akajifunika uso kwa khanga. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Juma la pili nikaenda kwake. Nalimkuta akibangua korosho uani. Nikapiga hodi, nikaamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikakosa la kusema. Yeye ndiye aliyeanza. "Mwanangu," akasema, "siku ile hukunifundisha. Siku ile ulinionyesha." Neno hilo lilinichoma. Kwa hakika ndivyo nilivyofanya: nalimwonyesha kama mtu aonyeshavyo mbuzi mnono mnadani. Wageni walipokuja, darasa halikuwa lake tena bali langu. Na sadaka niliyojivunia nalikuwa nimeidai malipo yake siku nyingi, nayo malipo ni sifa.

Basi nikaanza kufikiri kwamba neno "sadaka" ndilo lililonipoteza. Mtoa sadaka husimama juu, mpokeaji hukaa chini. Mtoa sadaka hutoa siku apendayo na kiasi apendacho. Mvua ikinyesha husema, leo siendi, nao hawawezi kunilaumu kwa kuwa ni bure. Nami nalikwisha kufanya hivyo. Jioni moja ya mvua nilibaki nyumbani, na asubuhi nikasikia ya kuwa watoto 3 waliokosa shule walisimama barazani mpaka giza, wakiningojea. Mtoto wa namna hii amekwisha kuambiwa na dunia mara nyingi kwamba yeye si kitu. Mwalimu wa kujitolea asipofika, amethibitisha neno lile. Na kumtia moyo tena ni kazi kubwa kuliko kumfundisha herufi.

Lakini deni silo hivyo. Deni lina siku yake. Alipaye deni hajisifu, wala hangoji kushukuriwa, wala hamdharau amlipaye. Na mimi ni mdeni kweli. Misheni ilifika Masasi tangu mwaka 1876, na tangu hapo wako watu walioacha kwao, na wako Waafrika wa hapa hapa, waliokula mihogo mikavu ili mtoto wa mtu mwingine asome. Aliyenishika mkono nikaandika herufi yangu ya kwanza hakunidai kitu, naye amekwisha kufa, siwezi kumlipa. Deni la namna hii halirudi nyuma kwa aliyekopesha; huenda mbele kwa asiye nacho.

Huenda mtu akaniuliza, "Ikiwa ni deni, si serikali ndiyo inayodaiwa?" Nami nasema, serikali inadaiwa, na isiachwe kukumbushwa, kujitolea kwetu kusiwe blanketi la kufunika upungufu wa walimu na wa vitabu. Lakini deni la serikali halifuti langu. Nyumba ya jirani ikiwaka moto, sitauliza kwanza ni kazi ya nani kuchota maji.

Bado neno moja, nalo ndilo kubwa. Ikiwa mimi ni mdeni, je, mwanafunzi wangu ni nani? Habari ya mmisionari mmoja Mmarekani, Frank Laubach, yanisaidia hapa. Mwaka 1930 alianza kuwafundisha kusoma Waislamu wa Lanao katika visiwa vya Ufilipino. Baadaye fedha kutoka kwao zilipungua, hata hakuweza kuwalipa walimu. Husimuliwa kwamba mkuu mmoja wa nchi ile alisimama akasema kazi haitakufa: kila aliyejifunza amfundishe mwenzake, na asiyetaka atamwona yeye. Sisifu vitisho vyake, lakini naona hekima iliyo ndani yake. Siku ile mwanafunzi aliacha kuwa mpokeaji, akawa mtoaji. Na hapo ndipo mtu anyooshapo mgongo.

Sisi walimu twadhani kwamba ujasiri hutiwa kwa sifa, "Vizuri sana! Hodari!" Sifa ni tamu, lakini huyeyuka kama sukari. Mtu mzima ajua upesi kama asifiwa kwa kweli au abembelezwa. Ujasiri hukaa pale mtu aonapo kwamba anahitajiwa. Bwana wetu alipowaosha wanafunzi wake miguu aliinama mbele yao. Na alipokwisha, hakuwaagiza wamshukuru, bali waoshane wao kwa wao.

Kwa hiyo siku ile uani nilimwomba bibi radhi, kisha nikamwomba kazi. Walikuwapo wanawake 4 wapya wasiojua hata irabu, na mimi peke yangu sikuweza kuwagawia muda. Nikasema, "Bibi, njoo uwafundishe hao yale unayoyajua." Akaninyamazia kitambo, akibangua. Kisha akasema, "Najua kidogo." Nikamjibu, "Nao hawana hata hicho." Juma lililofuata alikuja. Aliketi nao mkekani, si mbele ya ubao, akawafundisha kwa korosho: hii moja, hizi mbili, hili ni "ko", hili ni "ro". Sijapata kumwona mwalimu mvumilivu kama yeye, maana yeye alijua neno linavyokwama kooni. Na msimu wa korosho ulipofika, alipopewa stakabadhi yake aliishika kwa mikono miwili, akaisoma kilo kwa kilo, akauliza juu ya kato moja. Karani akamweleza. Huenda kato lile lilikuwa halali. Silo nililolitazama mimi. Nilitazama kwamba ameuliza.

Basi ndugu zangu mnaotaka kujitolea, au mliokwisha kuanza, nasema haya kama mtu aliyekosea kwanza. Shikeni saa, maana anayewangojea ametoka mbali kuliko mnavyodhani. Msimwonyeshe mtu, mfundisheni. Na akiisha kujua kidogo, mpeni wa kumfundisha, ili naye asibaki mpokeaji siku zote.

Mwalimu mwenzangu hajaniuliza tena. Lakini akiniuliza leo, "Kwa hao walipwa nini?" nitamjibu, "Ndugu yangu, silipwi, nalipa. Na mkeka una nafasi, kama nawe wadaiwa."