Chombo Kimoja au Vyombo Vingi?

Tangu simu ya mkononi ilipoenea katika miji ya Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, limezuka swali ambalo si la mafundi na wachuuzi peke yao. Je, ni bora mtu awe na chombo kimoja kifanyacho kazi zote, au awe na vyombo mbalimbali, kila kimoja na kazi yake? Simu moja leo ni saa, kurunzi, redio, kamera, kikokotoo, kamusi na mkoba wa fedha. Wengi huona kwamba hukumu imekwisha kutolewa, na kwamba anayenunua kurunzi ya betri amepitwa na wakati. Sisi hatuoni hivyo, ingawa hatusemi kwamba wanaoisifu simu wamepotoka.

Jambo lenyewe si geni. Mkulima wa kahawa katika milima ya Rwenzori hushika panga, na kwa panga hilohilo hufyeka, huchimba, hukata kuni, na hata kupigilia kigingi kwa bapa lake. Lakini afikapo kwenye kupogoa mibuni hulitua chini, akatafuta mkasi au msumeno mdogo, maana panga huchana tawi na kuliachia jeraha. Chombo cha kazi nyingi hakipimwi kwa wingi wa kazi zake, bali kwa ile kazi ambayo hakiiwezi vyema, na kwa hasara inayotokea hapo.

Wanaokitetea chombo kimoja wana hoja nzito. Mama anayevuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kasindi, upande wa Kongo, akiwa na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, hana mkono wa tatu wa kushikia kikokotoo. Yampasa ageuze shilingi kuwa faranga, na pengine faranga kuwa dola, papo hapo, mbele ya mnunuzi mwenye haraka. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tena, kama angelazimika kununua kila chombo peke yake, vingine asingevipata maishani. Kamera, kwa mfano, ilikuwa mali ya mpiga picha wa mjini.

Mji wa Kasese nao hutoa ushahidi upande huohuo. Reli iliufikia mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Abiria walipanda, na mazao yalisafirishwa, lakini shaba ndiyo iliyoileta reli. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ingawa hiyo haikuwa sababu pekee, leo treni hazifiki Kasese. Aliyejionea njia hiyo ya chuma ikiota majani hahitaji kuelezwa udhaifu wa chombo kilichotengenezewa kazi moja.

Hata hivyo, chombo cha kazi zote kina udhaifu wa namna nyingine: kikizimika, vyote huzimika pamoja. Wakati wa uchaguzi wa Februari 2016, serikali iliamuru mitandao ya kijamii izuiwe pamoja na huduma za kutuma fedha kwa simu, na hali ikawa hivyo kwa siku kadhaa. Mwenye noti zake ndani ya kisanduku aliendelea kununua chumvi. Aliyekuwa amehamishia mkoba wake ndani ya simu aliishika mali yake mkononi asiweze kuitumia. Amri moja ilitosha kumfungia mtu maongezi na chakula kwa wakati mmoja, jambo lisilowezekana pale ambapo barua, redio na fedha vilikaa mahali mbalimbali.

Lakini hoja inayotugusa zaidi haihusu serikali, inahusu nyumba. Hapo zamani kurunzi ilitundikwa karibu na mlango, redio ilikaa juu ya meza, na saa ilining'inia ukutani. Vyombo hivyo vilikuwa vya nyumba. Baba alipokwenda safari, saa haikuondoka naye. Bibi aliendelea kusikiliza habari, na mtoto alichukua kurunzi kwenda msalani usiku. Leo vyote vitatu vimo katika mfuko wa shati la mtu mmoja, naye akitoka, nyumba hubaki bila saa, bila habari na bila mwanga. Tena simu haiazimiki kama kurunzi ilivyoazimika, kwa kuwa ndani yake mna siri za mwenyewe, barua zake na fedha zake. Jirani akiomba mwanga kwa robo saa, tunasita. Tunasita si kwa uchoyo wa mwanga. Tunachelea kumkabidhi maisha yetu yote kwa ajili ya mwanga. Hivyo desturi ya kuazimana, ambayo haikuwa na gharama, imeanza kuwa na gharama. (Watasema: kila mtu na anunue yake. Lakini bibi hatanunua, wala mtoto.)

Kwa sisi walimu kuna jambo la kamusi. Mwalimu aliyezoea kutafuta maneno katika simu yake huona kwamba tatizo la kamusi limekwisha, na kwake yeye limekwisha kweli. Wanafunzi wake, ambao kwa kawaida hawaruhusiwi simu shuleni, hawakupata kitu. Shule inayoahirisha kununua Kamusi ya Kiswahili Sanifu kwa sababu walimu wote wana simu imehamisha kamusi kutoka kabatini hadi mfukoni mwa mtu mzima, ikaita hayo maendeleo. Katika wilaya ambako mtoto husema Kikonzo nyumbani, husoma kwa Kiingereza, na hukutana na Kiswahili sokoni zaidi kuliko darasani, hasara hiyo si ndogo. Tungependa kila darasa liwe na nakala tatu au nne za karatasi, zikae mezani bila kufuli, na ziruhusiwe kuchakaa.