Kumi si Ishirini

Jumamosi moja mwezi wa tatu nilimcheka mwanafunzi wangu, na hicho kicheko bado kinanikereketa.

Mambo yalikuwa hivi. Kuna ukumbi wa kanisa mtaani kwetu, huku Eastlands, ambapo huwa nafunza vijana koding kila Jumamosi asubuhi. Si kazi ya mshahara. Riziki yangu naipata kwa kuandika: leo makala, kesho maelezo ya viatu vya mtu nisiyemjua. Tuna laptopu 4 kuukuu za kuchangiwa na wanafunzi 11. Siku hiyo niliandika ubaoni mistari mitatu:

a = 10
b = 20
a = b

Nikauliza: sasa a ni ngapi? Binti mmoja wa miaka 14, ambaye kwa kawaida haongei, akainua mkono. "Ticha, hiyo haiwezekani," akasema. "Kumi si ishirini."

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Kisha nikamwambia, eti kwa utani, kwamba labda yeye ni mtu wa lugha, si wa kompyuta. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile iliyofuata.

Kusema ukweli, hiyo sentensi haikuwa yangu. Niliirithi. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, chuo ambacho sitakitaja, mhadhiri alinirudishia karatasi ya mtihani yenye alama 19 akasema, wasee wote wakisikia, kwamba kuna watu wa kompyuta na kuna watu wa lugha. Nilikuwa na A ya Kiswahili kwenye KCSE, kwa hivyo nilijua nimewekwa upande gani. Nikarudia ule mtihani nikaanguka tena. Nyumbani karo ikakwama. Muhula uliofuata sikuripoti. Watu wakiniuliza mbona niliacha, nasema ni karo, na hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni ile sentensi.

Basi swali langu ndilo hili: mtu akishindwa kujifunza kitu, ni nani aliyetupa haki ya kusema hawezi?

Nilipoanza kusoma utafiti kuhusu jinsi watu wanavyofunzwa kuandika programu, nilikutana na mistari yangu mitatu karibu vilevile. Mwaka 2006, Saeed Dehnadi na Richard Bornat wa Chuo Kikuu cha Middlesex, Uingereza, walisambaza andiko lenye dai zito. Walikuwa wamewapa wanafunzi maswali ya aina hiyo ya a na b kabla hawajafunzwa chochote. Jibu kuwa sahihi au la halikuwa muhimu. Walichotazama ni kama mwanafunzi anatumia kanuni ileile swali baada ya swali. Wanaoishika kanuni moja watafaulu, walisema, na wanaoyumba wataanguka, hata mwalimu afanye nini. Kichwa cha andiko kilitaja ngamia mwenye nundu mbili, kwa maana kwamba darasa la programu lina makundi mawili ya watu, na hakuna la katikati.

Andiko hilo lilipendwa sana, na naelewa kwa nini. Mwalimu aliyechoka analala vizuri akiambiwa kwamba walioanguka wangeanguka tu. Na yule aliyefaulu anafurahi kusikia kwamba alizaliwa na kitu ambacho wengine hawana. Kila mtu anapata faraja isipokuwa aliyeanguka.

Kisha mwaka 2014 Bornat mwenyewe aliandika kulikanusha. Alikiri kwamba hawakuwa wamegundua mtihani wa kuwatenganisha wanaoweza na wasioweza, na kwamba madai yake yalikuwa yamepita kiasi. Kilichobaki ni kitu cha kawaida zaidi: anayefuata kanuni moja bila kuyumba huwa na nafasi nzuri zaidi ya kufaulu. Nafasi, si hukumu. Mimi namheshimu mtu anayeweza kusimama mbele ya dunia akasema nilikosea. Lakini huwa najiuliza, katika ile miaka minane, ni walimu wangapi walisoma andiko la kwanza, na ni wangapi walifikiwa na la pili?

Sasa rudi kwa yule binti. Tangu darasa la kwanza amefunzwa kwamba alama ya = inasema pande mbili ni sawa. Kwa kanuni hiyo, a ikiwa 10 na b ikiwa 20, kuandika a = b ni uongo, na ndivyo alivyosema. Katika lugha nyingi za programu, alama hiyo imepewa kazi nyingine kabisa: chukua kilicho kulia, ukiweke kushoto. Aliyeunda lugha ya Pascal, iliyotoka mwaka 1970, alitumia := kwa kazi hiyo, akaiacha = iendelee kulinganisha. Yaani wataalamu wenyewe walitofautisha vitu hivyo viwili. Binti alikuwa ameshika kanuni moja na hakuyumba. Ni mimi niliyebadilisha maana ya alama bila kumwambia, halafu nikamcheka kwa kutojua.

Kuna tawi lingine la utafiti wa kompyuta ambalo, kwa maoni yangu, lina adabu zaidi mbele ya kushindwa. Ni mitandao ya vihisi: vifaa vidogo vyenye betri na redio, vinavyotawanywa mahali ili vipime joto, unyevu au mwendo, kisha virushe habari. Mfano mmoja uko hapa kwetu. Januari 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walikuja eneo la Laikipia na mradi uitwao ZebraNet. Waliwavisha pundamilia kola zenye GPS na redio. Huko hakukuwa na minara ya simu ya kutegemea, na pundamilia hafuati ratiba ya mtu. Kwa hivyo kola zilitengenezwa zipashane habari: pundamilia wawili wakikaribiana, kila kola inaipa nyingine nakala ya ilichonacho. Mtafiti akipita na gari, akimpata mmoja tu, anaweza kupata pia safari za wengine ambao hajawaona.

Fikiria kilichomo ndani ya ubunifu huo. Umeanza kwa kukubali kwamba wengi hutawasikia moja kwa moja. Ukimya wa pundamilia hausemi kwamba pundamilia hayuko. Huenda yuko mbali, au betri imeisha, au hakuna aliyepita karibu naye.

Mfano wa pili ni kisiwa cha Great Duck, jimbo la Maine, Marekani. Mwaka 2002 watafiti waliweka vifaa kwenye mashimo ambamo ndege wa baharini hutaga mayai. Vingi vilizima kabla ya wakati. Watafiti walirudi kwenye data na kuuliza kila kifaa kilisema nini kabla ya kunyamaza. Wakaona kwamba mara nyingi kihisi cha unyevu kilianza kutoa vipimo vya ajabu kwanza, kisha kifaa kikafa. Maji yalikuwa yakiingia. Kile kipimo kilichoonekana upuuzi kilikuwa dalili, na mtu aliyekitazama vizuri angeweza kujua ni kifaa gani kinaelekea kuzima.

Nikisoma hivyo namfikiria yule binti akisema kumi si ishirini. Hicho kilikuwa kipimo changu cha ajabu. Kilinieleza haswa maji yanaingilia wapi. Mimi nikakitupa.

Na si kwamba waliosomea kufunza hawajui tatizo hili. Mwaka 2001 kundi la watafiti likiongozwa na Michael McCracken liliwapima wanafunzi 216 wa vyuo vikuu vinne vilivyokuwa katika nchi tofauti, wote wakiwa wamemaliza masomo yao ya mwanzo ya programu. Wastani ulikuwa alama 22.89 kati ya 110. Niliposoma nambari hiyo nilicheka peke yangu kwenye matatu, maana 19 yangu ilikuwa imepata ndugu. Mwaka 2004 kundi jingine, likiongozwa na Raymond Lister, lilifanya jaribio katika nchi saba, safari hii bila kuwaambia wanafunzi waandike programu. Waliambiwa wasome vipande vifupi vya msimbo na kusema vitatoa nini. Wengi walishindwa hata hapo. Yaani tulikuwa tunamdai mtu insha kabla hajajua kusoma, halafu tunamshangaa kwa kukosa kipaji.

Najua kuna mtu atasema: sawa, lakini si kila mtu anafaa kila kitu, na hutaki programu ya mashine ya hospitali iandikwe na mtu aliyepitishwa kwa huruma. Nakubali. Sitaki. Ile 19 yangu ilikuwa halali. Siku hiyo, kwenye karatasi hiyo, ndicho nilichojua. Sidai niongezewe alama, na sitajifanya kwamba kosa lote lilikuwa la mhadhiri. Nilikuwa na komredi chumba kilekile aliyekuwa akielewa, na sikuwahi kumuuliza, kwa aibu. Mhadhiri naye alikuwa na ukumbi wa watu zaidi ya 200. Mtu mmoja hawezi kufungua kila kifaa aone maji yameingilia wapi.

Lakini alama na hukumu ni vitu viwili. Alama inasema kilichotokea. Hukumu inasema kitakachotokea daima. Unaweza kumwangusha mtu mtihani bila kumwambia yeye ni nani. Kama huna muda wa kujua kwa nini ameshindwa, basi pia huna ushahidi wa kusema hawezi. Nadhani hapo ndipo penye dhambi yenyewe: kutoa jibu pale ambapo hatukuuliza.

Kiswahili kimetupa kifaa kizuri cha kazi hii, na tunakitumia kila siku bila kukiona. Ni kile kiambishi -ja-. "Hajui" ni kitu kimoja. "Hajajua" ni kingine. Ukisema mtu hajaelewa, hujamsifu wala hujamdanganya. Umekiri kwamba haelewi na umeacha mlango wazi. "Hawezi" inafunga. Mwaka 2022 KICD iliidhinisha mtaala wa koding kwa shule za msingi na sekondari. Hilo ni jambo la maana, lakini kila darasa jipya litaleta pia watoto watakaokwama, na mwalimu atachagua kitenzi cha kuwaelezea. Ningependa achague polepole.

Habari za yule binti zilinifikia kupitia binamu yake, ambaye bado anakuja. Alisema dada yake amesema kichwa chake si cha kompyuta. Neno kwa neno karibu, sentensi ya mhadhiri wangu, sasa iko kizazi cha tatu. Nilimpa binamu ujumbe ampelekee: kwamba alikuwa sahihi, kwamba kumi kweli si ishirini, kwamba ile alama ina maana mbili na mimi nilimficha moja, na kwamba naomba msamaha. Pia nilimwambia kwamba siku hizi naanza somo hilo kwa mshale, naandika a ← b, na watoto wanaelewa haraka. Hilo wazo limetoka kwake, hata kama hajui.

Kufikia leo ninapoandika haya, hajarudi. Jumamosi nitafungua ukumbi saa tatu kama kawaida.