Wimbo Hauulizwi Swali

Kwetu Navakholo ukitaka watu, unapiga ngoma. Hakuna siri nyingine. Mwanasiasa anajua, muuza sabuni anajua, mhubiri wa mkutano wa injili anajua, hata vijana wa disko matanga, ambao wamepigwa marufuku mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, wanajua. Lori linaegeshwa kando ya soko, spika zinaelekezwa barabarani, wasichana wawili wenye fulana zinazofanana wanaanza kucheza. Kabla dakika kumi hazijaisha, watu wa bodaboda wamezima pikipiki, mama wa nyanya amemwachia mtoto meza, na wanafunzi ambao wangekuwa wameshafika nyumbani wako mstari wa mbele.

Kwa hivyo kikundi cha vijana wa nyumbani waliponiomba niwaandikie maneno ya wimbo wa kufunza watu kuhusu akili mnemba, kwa siku ya hamasa waliyokuwa wakiipanga sokoni, sikushangaa. Walikuwa na dijei. Walikuwa na wachezaji wa isukuti. Walikuwa na mtu wa kuwachapishia fulana. Walichokosa ni ujumbe. "Uwe mfupi," waliniambia, "kitu mtu anaweza kuimba akienda nyumbani."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yamekuwa yakinisumbua. Je, ni haki kumpa mtu wimbo kuhusu jambo ambalo hajapata nafasi ya kulibishia?

Kabla hujaniambia kwamba nimekaa Nairobi mpaka nimeanza kuwadharau watu wa soko, wacha niseme nawaunga mkono hao vijana, tena sana. Njia ile nyingine naijua. Ni kongamano la hotelini mjini Kakamega, watu thelathini walewale wenye vitambulisho shingoni, slaidi za Kiingereza, chai ya saa nne, nauli kwenye bahasha. Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa akili mnemba Machi 2025, unaofika hadi 2030. Niambie ni mama mboga gani ameuona. Ngoma inamfikia mtu ambaye hakuna karatasi itakayomfikia, na mtu wa kwanza kuiita ngoma kelele mara nyingi ndiye wa kwanza kualikwa hotelini.

Shida yangu si kwamba ngoma haifanyi kazi. Inafanya kazi kupita kiasi.

Kama umesoma shule ya Kenya, labda uliwahi kusimama kwenye tamasha la muziki ukakariri shairi kuhusu ushuru ama usalama barabarani, mikono ikipaa hewani, sauti ya kwanza na ya pili, mwalimu akikukazia macho. Mimi la ushuru ninalo kichwani mpaka leo. Naweza kukuimbia lote, na ishara zake. Lakini jinsi ushuru wa bidhaa unavyokokotolewa nilikuja kujua nikiwa mtu mzima, tena kwa hasira. Miaka yote hiyo nilikuwa natembea na hitimisho la mtu mwingine mdomoni, na nilidhani ni langu kwa sababu lilikuwa na mdundo.

Kwa mambo mengine hilo halina neno. Nawa mikono. Lala ndani ya neti. Vaa helmeti. Hapo hakuna ubishi uliobaki, na mtoto akiimba kwanza akaelewa baadaye hajapoteza kitu. Akili mnemba haijafika huko. Hata jina lenyewe tunagombania: akili bandia, akili mnemba, akili unde. Ukisema bandia, kukhu anafikiria noti ya elfu moja iliyokataliwa dukani. Ukisema unde, angalau anasikia kwamba kuna mtu aliyeunda, na akiwa mtu wa maswali atauliza ni nani. Sasa hiki kitu ambacho bado hatujakipa jina moja, mimi nikiandikie kiitikio? Nikiandika kwamba ni rafiki wa mkulima, nimedanganya. Nikiandika kwamba ni ibilisi amekuja kuchukua kazi zetu, nimedanganya vilevile, na huo wa pili ungeuza zaidi.

Halafu kuna dhana nyingine ndani ya neno "hamasa", kwamba akili mnemba iko mbali na sisi tunaileta kwa lori. Kumbe ilifika zamani, kimyakimya, bila spika. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, Wakenya walizoea kitu kipya: kukopa bila kuonana na afisa. Zikafuata programu za mikopo chungu nzima. Zinatazama ulivyotuma pesa, ulivyolipa, ulivyonunua muda wa maongezi, halafu zinakadiria kesho yako. Wataalamu watabishana kama kila hesabu ya aina hiyo inastahili kuitwa akili mnemba. Kwa anayenyimwa haina tofauti. Jirani yetu mmoja wa bodaboda alishushiwa kiwango cha mkopo na kampuni moja ya simu, kutoka elfu tano hadi mia tano, wiki ambayo kifaa fulani cha pikipiki kilikuwa kimeharibika. Hakuwa na deni. Alipiga simu akaambiwa ni mfumo. Akauliza mfumo ni nani. Akaambiwa asubiri.

Huyo jamaa hahitaji kuhamasishwa. Tayari ana swali, na ni swali zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye makongamano. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine peke yake, na kwamba anaweza kudai uamuzi uangaliwe upya. Najaribu kuwaza hilo likiimbwa. Labda linawezekana. Lakini wimbo wa namna hiyo ungemtuma mtu ofisini kusumbua, na sijaona mfadhili wa fulana anayependa watu wasumbue.

Sasa niseme kuhusu umati wenyewe, kwa sababu huko ndiko naona hatari hasa. Unakumbuka Worldcoin. Julai 2023 mradi ulizinduliwa duniani, mmoja wa waanzilishi akiwa Sam Altman, yuleyule wa OpenAI. Kabla ya wiki mbili kwisha Wakenya walikuwa wamejipanga KICC, foleni ndefu, wakisubiri chombo cha duara kiwapige picha ya mboni ya jicho wapewe sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti. Kufikia hapo Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wamejiandikisha. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba data hizo zilikusanywa kinyume cha sheria, ikaagiza zifutwe ndani ya siku saba.

Watu wengi waliwacheka wale wa foleni. Mimi sikucheka, elfu saba ni pesa. Kilichonigusa ni foleni yenyewe jinsi ilivyokuwa inafundisha. Ukifika ukaona watu mia tano wamesimama juani, huulizi tena kama jambo ni salama. Unauliza mwisho wa foleni uko wapi. Wale mia tano wamekujibu bila kufungua mdomo, na kila mmoja wao alijibiwa na waliomtangulia. Ukifuata kamba hiyo hadi mwanzo, unaweza usimpate hata mtu mmoja aliyeuliza. Sheria inadai ridhaa ya mtu mmoja mmoja, akijua anachokubali. Umati unatoa ridhaa ya jumla, kama harambee. Na ngoma ni mashine ya kutengeneza umati.

Kuna mtu atasema: lakini muziki ulitufundisha kuhusu Ukimwi. Kweli, na mfano huo ndio unanifanya nisikate tamaa. Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda aliyekuwa akiishi Sweden, alitangaza hadharani mwaka 1989 kwamba ana virusi. Akazunguka Uganda, shuleni na makanisani, akizungumza na kuimba, mwili ukiendelea kuisha mbele ya macho ya watu. Wengi mwanzoni hawakumwamini, walidhani anatafuta pesa. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Watu husema wimbo wake ulifundisha. Mimi naona wimbo ulileta watu, halafu aliyefundisha ni yeye, kwa sababu alikuwa mtu unayeweza kumuuliza, na jibu lilikuwa linamgharimu.

Nani angesimama hivyo kwa akili mnemba? Mimi nafikiria wale vijana wa Nairobi walioandikwa na jarida la TIME Januari 2023, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Sama, wakisoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji siku nzima na kuyawekea alama ili mashine ya OpenAI ijifunze kuyakwepa, kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa. Hao wameigusa kwa mikono. Baadhi yao ni watoto wa vijiji kama chetu. Mpe mmoja wao kipaza sauti hapo sokoni, hata asijue kuimba, utaona kama kuna mtu atarudi kwenye pikipiki yake.

Tanzania nayo ilijaribu kitu mwaka 1973 ambacho naona tumekisahau. Kampeni ya Mtu ni Afya ilipitia redioni na kuwafikia takriban watu milioni 2, lakini redio haikuachwa peke yake. Watu walikaa vikundi vikundi na kiongozi aliyefunzwa, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, halafu redio ikazimwa wakajadiliana: hapa kwetu tufanye nini? Tuchimbe choo? Wapi? Wachimbe kina nani? Na vyoo vilichimbwa. Sehemu ninayoipenda ni hiyo ya kuzima redio.

Niliwaambia vijana wangu hayo. Wakanijibu vizuri tu kwamba isukuti si redio. Ni ya Waisukha na Waidakho, majirani zetu wa kusini mwa kaunti, nasi Wanyala tunaiazima bila aibu, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. "Kiongozi anatupa, watu wanadaka," waliniambia. "Hayo si mazungumzo?" Nusu ni mazungumzo. Ukisikiliza kwa makini, anayeitikia amepangiwa la kuitikia. Uhuru wake ni wa kupaza ama kupunguza sauti.

Lakini walinifikirisha, nikakumbuka pakruok ya jirani zetu Waluo. Katikati ya muziki mtu anatoa pesa, muziki unashuka ama unasimama, naye anasema yake: anajisifu, anamsifu mkewe, anamchokoza rafiki. Akimaliza, nyuzi zinarudi. Hapo kuna muziki ambao umejengwa na mlango wa kukatizwa, tena kukatizwa ndiko kunakonogesha. Kwa nini siku yetu ya sokoni isiwe hivyo, bila malipo? Mkono ukiinuka, ngoma inyamaze. Mtu aulize. Na pale jukwaani awepo mtu anayejua jambo lenyewe, na ambaye ameruhusiwa kusema "sijui" bila kufutwa kazi.

Dijei hakupenda. Alisema ngoma ikinyamaza mara tatu, watu wataondoka, na mlevi mmoja atashika kipaza sauti asikiachie. Yote mawili ni kweli. Umati utapungua. Mimi ningechagua watu arobaini waliouliza kuliko mia nne waliocheza, lakini najua mfadhili anahesabu vichwa kwenye picha, na najua pia kwamba ni rahisi kwangu kusema hivyo kwa sababu si mimi niliyekodi spika.

Basi nilipokuwa nyumbani nilimpima shangazi yangu. Analima mahindi na miwa kidogo, na kila msimu hungojea meseji ya mbolea ya ruzuku baada ya kuandikishwa kama mkulima. Nilimweleza akili mnemba kadiri nilivyoweza, bila wimbo, nikatoa mfano wa zile foleni za macho za Nairobi. Alisikiliza akichambua mboga. Hakuuliza inafanyaje kazi. Hakuuliza kama itachukua kazi za watu.

"Mwanangu, siku moja wakitaka uso wangu kwa hiyo mashine, nami nikatae," alisema, "mbolea bado nitapata?"

Nikamwambia hilo si la kuulizwa mimi, ni la afisa wa kilimo. Akasema afisa huwa anakuja siku za sherehe tu, na siku hizo kelele ni nyingi.