Rangi za asili: asili gani?

Mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo tuliisikia utotoni, na leo inaturudia kupitia mlango ambao hatukuutazamia, ndio mlango wa shule za ushonaji. Kwetu huku Katanga kuna walimu wa mitindo wenye kufundisha vijana kutia vitambaa rangi kwa majani, mizizi na magome, badala ya unga wa dukani. Vijana wanapenda. Wazazi wanashangaa kwanza, halafu nao wanapenda. Sisi pia tulifurahi, kwa vile tulidhani kwamba mila yetu imerudi nyumbani.

Lakini siku moja tulimwomba mama mzee aje kuwaonyesha wanafunzi namna ya kusaga nkula. Alitazama kuni nyekundu tulizomnunulia, akauliza: "Batoto, munatosha mu pori. Sasa munarudisha nini?" Hakuna aliyejibu. Ni juu ya swali hilo tunaandika.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili "asili" ina maana mbili. Ya kwanza ni kitu kisichotoka kiwandani, kama mti na udongo. Ya pili ni chanzo chetu, yaani wankambo wetu na desturi zao. Tukisema "rangi za asili", maana hizo mbili zinashikana mikono, na tunaamini kwamba kila kilichotoka porini kimetoka pia kwa wankambo. Sivyo. Mtu anaweza kutumia mti wa wankambo kwa namna ambayo wankambo wenyewe wangekataa.

Chukueni hiyo nkula. Ni unga mwekundu unaotokana na moyo wa mti wa mukula. Majina yenyewe yanaonyesha undugu. Waluba waliiweka pamoja na pemba, ule udongo mweupe, katika kazi za heshima na za mizimu. Kule Kasai, kwa Wakuba, unga wa namna hiyo unaitwa tukula. Ulikandwa ukawa vipande vyenye nakshi, vikatunzwa kama mali, vikatolewa wakati wa matanga. Na marehemu alipakwa wekundu huo, akavikwa nguo za rafia. Hiyo haikuwa rangi ya kila siku. Ilikuwa na wakati wake na mahali pake, na kwa sababu hiyo mti mmoja uliweza kutosha watu wengi. Mama yule alitueleza kwa kifupi: "Bankambo habakukuwa banavaa nkula kila siku."

Sasa huo mukula uko wapi? Katika miaka ya 2010 magogo yake yalikatwa kwa wingi sana katika misitu ya Katanga, yakapakiwa katika malori, yakapita Zambia mpaka baharini, kisha China, ambako watu wanapenda mbao nyekundu kwa viti na makabati. Mwaka wa 2019 mataifa yaliyo katika mkataba wa CITES yaliuandika mti huo katika orodha ya miti ambayo biashara yake inapaswa kuchungwa. Ubao mwekundu wa ndani haupatikani katika mti mchanga. Sherti miaka mingi ipite. Basi mwalimu anayewaambia wanafunzi thelathini walete kila mmoja kipande cha mukula, hata kama moyo wake ni safi, anatembea nyuma ya yale malori.

Kuna jambo la pili. Rangi nyingi za mimea hazishiki pamba peke yake. Zinahitaji chumvi ya kuzishikisha. Iliyo nyepesi kwa mazingira ni shabu, ile nyeupe inayokaza ulimi, kama gramu 150 kwa kilo 1 ya kitambaa. Lakini wengine wanatumia chumvi ya shaba, ile ya buluu, juu ya kupata kijani kizuri. Sisi watu wa Katanga hatuhitaji kufundishwa kwamba shaba ikiingia mtoni samaki wanakufa. Jani lilitoka porini bila kosa, lakini maji yaliyomwagwa nyuma ya darasa yana sumu. Hapo neno "asili" linakuwa pazia tu.

Na jambo la tatu, moto. Kutoa rangi katika magome ni kuchemsha saa nzima au zaidi, na kwetu kuchemsha ni makala. Kila mtu anajua makala ya Lubumbashi yanatoka wapi: ni msitu wa miombo uliolazwa chini, mwaka kwa mwaka unazidi kwenda mbali na mji. Kitambaa kimoja "safi" kinaweza kula msitu mara mbili, ndani ya sufuria na chini ya sufuria.

Ndugu mmoja wa chama chetu alitujibu hivi: "Kama ni hivyo, afazali rangi ya kiwanda. Haikati mti hata mmoja." Hoja yake ina nguvu. Mwaka wa 1856 kijana Mwingereza William Henry Perkin, mwenye miaka 18 tu, alipata rangi ya zambarau katika lami ya makaa ya mawe, na tangu hapo viwanda viliacha kuhitaji mashamba na misitu kwa ajili ya rangi. Hatuwezi kusema kwamba hilo lilikuwa ubaya mtupu. Hata mashati yetu tunayovaa tukiandika haya yalitiwa rangi kiwandani.

Hata hivyo hatukubaliani naye mpaka mwisho. Rangi ya kiwanda nayo ina deni: petroli inayochimbwa, maji machafu yanayomwagwa. Lakini deni hilo liko mbali, katika mto wa watu wengine, na mwenye kununua kikwembe sokoni halioni. Deni la rangi ya mmea liko mlangoni petu. Mwanafunzi anaona kisiki, anaona maji, anahesabu mifuko ya makala. Kwa maoni yetu, faida kubwa ya somo hili iko hapo: linamfundisha kijana kuona bei ya uzuri. Mwalimu akificha bei hiyo, somo limekufa.

Basi tufundishe namna gani? Tuanze na kile ambacho kimekwisha kutupwa. Maganda ya vitunguu yanatoa njano ya kuelekea chungwa. Kokwa za avoka zinatoa waridi ya udongo. Majani ya mapera yanatoa kahawia, na ukiyakutanisha na maji ya misumari yenye kutu unapata kijivu kinachokaribia weusi; kwa sheria hiyo hiyo ya chuma na majani makali, matope ya mtoni yametengeneza weusi katika nchi nyingi za Afrika. Wekundu wa mukula tuutafute katika vumbi la mbao kwa seremala, na tuutumie kidogo, kwa nguo ya siku kubwa, kama zamani. Unga wake hauyeyuki vizuri katika maji. Ndiyo maana wazee waliuchanganya na mafuta ya mawese. Na pale inapowezekana, jua letu lifanye kazi ya makala: kitambaa kilowe siku kadhaa ndani ya chombo cheusi kilichofunikwa.

Tufundishe pia ukweli mbele ya mnunuzi. Bizari ya manjano inang'aa sana leo, lakini jua linaila upesi. Asiyemwambia mnunuzi hivyo anauza uongo wa asili, ambao hauna tofauti na uongo mwingine.

Mwisho, mama anayekuja kufundisha alipwe kama mwalimu, na jina lake litajwe pale nguo inapoonyeshwa. Elimu yake nayo ni kama mti. Tukichukua kila mara bila kurudisha, itakauka.

Yule mama alirudi mwezi uliofuata. Wanafunzi walikuwa wamepanda michikichi miwili na mukula mdogo mmoja, urefu wa kidole, nyuma ya darasa. Aliinama akautazama sana. Akasema: "Huu, mutauona batoto ba batoto benu." Hatujui kama lilikuwa sifa au onyo. Tumeamua kulichukua kama vyote viwili.