Mgeni Naye Apone

Wahenga wetu walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu nimeusikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliuchukua kuwa ni utani wa wenye njaa: mgeni akija, kuku huchinjwa, na mwenye nyumba naye akashiba. Sasa nimefika umri wa kuuliza maswali juu ya nilivyovirithi, na swali langu ni hili: ikiwa mwenyeji hupona kwa kuja kwa mgeni, mgeni naye hupona kwa nini? Na je, yawezekana ukarimu, ambao sote twauita fadhila, ukamdhuru yule anayekirimiwa, na bado ukastahiki jina lake?

Swali hili sikulitoa vitabuni. Lilinifika barazani kwangu, Ngamiani, mjini Tanga, siku ya Idd. Dada yangu mkubwa alikuwa amevuka mto kwa kivuko kutoka Bweni hadi Pangani mjini, akapanda basi kuja kututembelea jamaa zake. Nikamuuliza kama aulizavyo kila mtu: "Dada, utakunywa soda gani?" Akaitaja. Mtoto akatumwa dukani, chupa ikaja na jasho lake la baridi, dada akanywa yote, akashukuru, akaondoka kwenda nyumba nyingine. Siku ile alizuru nyumba sita.

Miezi michache baadaye nilikaa naye kwenye benchi la hospitali, macho yake yameanza kuingia ukungu. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikwisha kuambiwa ana kisukari mwaka mzima kabla ya Idd ile. Nikamwambia, "Dada, mbona ulikunywa?" Akanijibu taratibu, "Ulinipa kwa mkono wako, mdogo wangu. Ningekurudishiaje?"

Sisemi kwamba chupa yangu ndiyo iliyomtia ukungu machoni. Maradhi yale hayaji kwa chupa moja, wala hayana sababu moja. Lakini nyumba zilikuwa sita, na kila nyumba ilikuwa na mkono wake. Chupa ya soda ya kawaida, ya mililita 350, ina sukari ya gramu 35 na zaidi, yaani kiasi cha vijiko vya chai 8 au 9. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isifike sehemu moja ya kumi ya nguvu zote tuzipatazo katika chakula, na ikipungua hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Nusu hiyo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko 6 kwa siku nzima. Sisi, kwa mapenzi yetu, tulimnywesha dada vijiko karibu 50 baina ya adhuhuri na magharibi. Wala dada si peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kwamba katika kila watu 100 wa Tanzania Bara wenye umri wa miaka 25 hadi 64, kiasi cha 9 walikuwa na kisukari. Tandika jamvi, keti na wageni kumi na mmoja, na huenda mmoja wao anakunywa kwa heshima yako kile alichokatazwa na tabibu wake.

Kazi yangu mimi ni kutunga na kufasiri, na mfasiri huzoea kuyapima maneno kabla ya kuyabeba. Nikalipima lile swali letu: "Utakunywa soda gani?" Kwa sura ni swali la hiari, lakini hiari iliyomo ni ya rangi tu: nyeusi, nyekundu, ya machungwa. Soda yenyewe imekwisha kukubaliwa kabla mgeni hajafungua kinywa. Na neno hili limepanda cheo katika lugha yetu. Bakhshishi ndogo twaiita "hela ya soda". Harusi hupimwa kwa hesabu ya kreti. Kijijini, nyumba nzima itakunywa maji ya mtungini, lakini mgeni akiingia mtoto atakimbizwa dukani na chupa tupu na sarafu kiganjani. Kisha mtoto huyo atasimama kando ya mlango akimtazama mgeni anavyokunywa, naye mgeni mwenye adabu atabakiza kidogo chini ya chupa. Katika kile kidogo mtoto hujifunza kwamba soda ndiyo heshima. Akikua, ataitafuta heshima hiyo kwa kinywa chake mwenyewe.

Sipendi, hata hivyo, kuwacheka wenyeji hao, kwani nami ni mmoja wao. Soda haikuingia majumbani kwa upumbavu wetu. Chupa iliyofungwa haina wasiwasi wa maji machafu, na katika pwani iliyopata kupigwa na kipindupindu jambo hilo si dogo. Kwa maskini, chupa ni ushahidi: nimekununulia, sikukuchotea tu. Atakayetaka kubadili ada hii bila ya kuiheshimu hoja hiyo atakuwa anahubiri kisimani.

Tena watu wa Tanga na Pangani tusijidai kwamba sukari ni ngeni kwetu. Katika karne ya 19 bonde la Mto Pangani lilijaa mashamba ya miwa, na waliokata miwa hiyo walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim mwenyewe, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, alikuwa na shamba la miwa. Nalikumbuka hilo kila nivukapo mto ule. Utamu wa zamani ulificha uchungu wa mtu mwingine, aliye mbali na meza. Utamu wa leo waficha uchungu ndani ya mwili wa mnywaji mwenyewe, na sisi wenyeji ndio tunaomkabidhi huku tukitabasamu.

Je, nia njema haitoshi? Wapo watakaosema kwamba tendo hupimwa kwa nia, na nia yangu siku ile ilikuwa safi. Nakubali kwamba ilikuwa safi. Lakini nia safi humwondolea mtu lawama ya lile asilolijua, haimwondolei wajibu wa kujua. Nchi yetu ilipata kubishana juu ya neno takrima: sheria ya uchaguzi iliiruhusu mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikayabatilisha mafungu hayo mwaka 2006. Mabishano yale yalitufunza jambo moja, kwamba kitu hakitakasiki kwa kuitwa jina zuri. Sharti tutazame kinamfanyia nini yule akipokeaye. Ikiwa ni hivyo kwa wapiga kura, ni hivyo pia kwa dada.

Wengine watasema: mtu mzima ni huru, nani alikufanya mlinzi wa vinywa vya watu? Hoja hii ina nguvu zaidi, nami siibezi. Mgeni anayetaka soda na apewe soda. Lakini dada yangu hakuwa huru. Alifungwa na adabu, na kamba ya adabu niliishika mimi. Mgeni wa pwani hakatai; kwa hiyo mwenyeji wa pwani ndiye anayemchagulia, apende asipende. Hapo ndipo ninapouona wajibu ulipo: si kumkataza mgeni, bali kumfungulia mlango wa kukataa bila ya kumwaibisha mtu. Na mlango huo ni kile kitu cha kwanza kinachotajwa.

Basi tutaje nini? Lugha yetu yenyewe yajibu. Tumeupa mnazi majina kwa kila umri wa tunda lake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Watu waliolitazama tunda kwa makini namna hiyo hawakukosa kinywaji cha kumpa mgeni. Maji ya dafu nayo yana sukari, ila ni kidogo kuliko iliyomo katika soda kwa kipimo kile kile. Mwenye kisukari atosheke na glasi moja, na mwenye maradhi ya figo amuulize tabibu kwanza. Kuna ukwaju na ubuyu, vilivyorowekwa katika maji yaliyochemshwa. Kuna machungwa ya Muheza, ambayo ni bora yaliwe na nyama zake kuliko kukamuliwa. Kuna mchaichai wa uani, tangawizi, na maji ya mtungi uliofukizwa ubani, ambayo bibi zetu waliyanywesha kwa kata ya kifuu na hakuna aliyewaita mafukara. Lakini tusijidanganye: ukwaju uliomiminiwa sukari kikombe kizima ni ndugu wa soda aliyevaa kanzu.

Walio na hekima kuliko sote ni wauza kahawa. Kahawa ya barazani ni chungu, na kando yake kipo kipande cha kashata. Utamu upo, ila umewekwa mahali pake: kipande kimoja kwa vikombe vingi. Hawakuufukuza utamu, waliukataza tu usiwe maji ya kunywa.

Idd iliyofuata dada alikuja tena, safari hii ameshikwa mkono na mjukuu wake. Sikumuuliza soda gani. Nilimwambia, "Dada, pana dafu, pana maji ya mchaichai yasiyo sukari, na dukani pana soda. Lipi likupendezalo?" Akanyamaza kitambo, kama mtu aliyeulizwa kwa mara ya kwanza. Kisha akasema, "Nipe dafu, nusu, nusu nyingine mpe huyu." Mtoto akanywa kilichobaki. Na kwa kuwa mtunzi hana zawadi nyingine, niliandika ubeti huu usiku ule:

Mgeni wangu karibu, pumzika uvulini,
Sikupi lenye taabu, la kukutia shidani,
Dafu lisilo aibu, limetunguliwa pwani,
Upone nami nipone, ndiyo heri ya mgeni.